Kadi Mbili, Jina Moja

Simu ilinipata nimeshika mwiko, nakaanga viazi karai pale kituoni Gede. Alikuwa mwanamke wa hoteli moja ya Kikambala, mwajiri wa wafanyakazi. Wamenikubali, akasema, mpishi wa samaki na vyakula vya pwani, nianze Jumatatu. Nilipiga ukelele hata mteja aliyekuwa akingoja viazi akarudi nyuma. Tangu hoteli niliyokuwa nikipikia Malindi ifungwe mwaka ule wa korona, nilikuwa nimebisha hodi jikoni kwa watu kutoka Ngomeni hadi Mtwapa, na wote waliniambia watanipigia. Huyu alipiga kweli.

"Ila kabla ya Ijumaa saa sita mchana," akasema, "niletee namba yako ya hifadhi ya jamii. Bila hiyo siwezi kukuandikisha, na kuna mwenzako anaingojea nafasi hii."

"Hilo si neno, mama," nikamjibu. Mimi hujibu kwanza, kufikiri baadaye.

Ilikuwa Jumatano, na namba yenyewe sikuikumbuka hata tarakimu moja. Nikaitafuta kwa simu, nikaandika namba ya kitambulisho changu, jibu likaja: fika ofisini. Nikaitukana ile simu. Kisha nikakumbuka kwamba hoteli ilipofungwa nyumba yangu ilikuwa ikivuja, nikampelekea bibi yangu karatasi zangu zote azitunze. Nikaliacha karai kwa jirani, nikashika njia ya nyumbani karibu nikikimbia.

Hawe, ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita bibi, alikuwa uani akipukuchua mahindi.

"Karibu, mume wangu," akasema.

Hivyo ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe. Kwetu mjukuu wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, na jina la pili ni la baba. Baba naye alipewa la babu yake, ambalo ndilo lililokuwa jina la pili la babu yangu. Kwa hiyo mimi na marehemu babu tulikuwa na jina moja, la mbele na la nyuma. Na Hawe ni wa rika lile la wanawake ambao hawatamki jina la mume, liwe liwalo. Basi na langu hakulitamka. Nimepita miaka arobaini, na jina langu sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Nilipomweleza shida yangu aliingia ndani, akatoka na kifurushi cha leso, akafungua fundo moja, la pili, la tatu, akatoa kadi kuukuu iliyochakaa pembe. Majina yangu yote mawili yalikuwa pale. Niliibusu ile kadi. Nikambusu na Hawe kipajini, nikaipiga picha nikaituma Kikambala, nikaanza kumhadithia samaki wa kupaka nitakayewapikia wageni.

Sikufika kwenye tui la nazi, simu ikalia.

"Baba, hii kadi ni yako kweli?" akauliza yule mwanamke. "Hapa kwenye kompyuta naona ulianza kazi kwenye shamba la mkonge kabla ya mimi kuzaliwa. Na mimi nina wajukuu."

Babu ndiye aliyekata mkonge ujana wake wote. Nikamtazama Hawe, naye akaitazama kadi. Kusoma hajui, lakini akili yake inakwenda mbio kuliko yangu.

"Basi ile aliyochukua ami yako ilikuwa yako," akasema.

Babu alipofariki, karatasi zangu zikiwa tayari kwa Hawe, ami alitumwa ofisi ya hifadhi ya jamii Malindi kupeleka taarifa ya kifo kwa niaba ya mjane. Kwenye kifurushi kulikuwa na kadi mbili zenye jina moja. Akachukua ya juu, na nani angemlaumu? Jina si ndilo hilo?

Alhamisi asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni pa ofisi ile ya Malindi. Karani alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa buibui, mpole wa sauti. Aliandika namba ya kitambulisho changu, akakisoma kioo cha kompyuta.

"Pole sana," akasema. "Mwenye namba hii ameshafariki. Wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye yeye."

Akaniangalia, akaangalia kitambulisho, akaniangalia tena.

"Ukitaka kuninusa, ninuse," nikamwambia. "Maiti hanuki kitunguu saumu."

Nilikuwa nimepandisha sauti na watu foleni nzima wakanigeukia. Yeye hakukasirika. Nikamwonyesha kadi ya babu, nikamweleza kadi zilivyobadilishana, akacheka mpaka akafuta macho. Halafu akaniambia lililobaki: taarifa ya kifo ilikuwa kwa jina la mjane, kwa hiyo mjane mwenyewe lazima aje, amtaje marehemu kwa majina yake kamili, atie kidole. Hapo ndipo namba yangu itafunguliwa.

Nilirudi nyumbani nikiona kazi nimeshaipata. Nilimkuta Hawe akisonga sima, nikamweleza yote kwa pumzi moja.

"Kidole nitatia," akasema. "Kulitaja, hapana."

"Hawe, ni jina tu."

"Kwako wewe."

Nikambembeleza, nikakasirika, nikambembeleza tena. Nikamwambia kwamba kesho saa sita nafasi yangu inakwenda kwa mtu mwingine, na mimi nitazeekea kwenye viazi karai. Alinipakulia chakula, akaenda kulala. Usingizi niliupata kwa taabu, nina hofu na hasira pamoja, na sikujua ipi imezidi.

Ijumaa nilipoamka nilimkuta amekaa kizingitini, amejifunga leso zake mpya zilizokuwa zikingoja harusi.

"Twende," akasema. "Unanichelewesha."

Saa tano ilikuwa imepita zamu yetu ilipofika pale ofisini. Hawe alikaa mbele ya karani, mkono mmoja kaushika mwingine.

"Bibi, taja jina la marehemu."

"Mzee wangu."

"Jina lake, bibi."

"Baba wa watoto wangu."

Nilifungua mdomo nimsaidie, karani akaniinulia kidole ninyamaze. Akamwinamia Hawe. "Nakuelewa, bibi. Hata mamangu la babangu hakulitamka mpaka anaingia kaburini. Lakini hapa lazima litoke kwako. Kijana huyu ameandikwa maiti."

Nilitazama saa ya ukutani. Hawe akavuta pumzi, akalitamka, la kwanza na la pili, kwa sauti kubwa, kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya shamba.

"Naam, Hawe," nikaitika. Lilinitoka lenyewe.

Alinigeukia. Macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Nyamaza wewe. Yeye ndiye aliyekufa. Wewe uko hai."

Karani akaandika. Hawe akatia kidole. Baada ya muda mfupi namba yangu ikatokea, nikaituma Kikambala, na jibu likaja hapo hapo: Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, uje na viatu vya jikoni. Nililia pale pale ofisini, mtu mzima na ndevu zangu, na yule karani akanipa mkono wa heri.

Nje jua lilikuwa limeshakuwa kali. Hawe alisimama kwenye ngazi, akafuta wino wa kidole kwa pindo la leso yake mpya, taratibu, mpaka ukaisha.

"Haya, nenda ukapike," akaniambia, na akaniita jina langu.