Taya la Sungura wa Juu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipomdanganya bibi kizee kwa kitoweo, na kitoweo chenyewe kikanisema.

Nilikuwa kijana wa Sumbawanga mjini, nashuka huku bondeni Muze kununua mchele, nikaposa hapahapa. Bibi wa binti alizaliwa juu, kwenye nyanda za baridi za Ufipa, akaolewa huku kwenye joto. Hakudai khanga wala blanketi.

"Mjukuu," aliniambia, "niletee sungura wa majani ya kwetu, nimle na ugali wa ulezi. Mmoja tu. Najua huishi kuomba upunguziwe, ndiyo maana nimeanzia chini."

Nilihesabu kona za mlima, nikazihesabu tena, hazikupungua. Nikatega kichakani hukuhuku bondeni, nyuma ya mashamba ya mpunga. Ulezi ulikuwa wa juu kweli; uongo nao hutaka chumvi kidogo ya ukweli. Sungura ni sungura, nilijiambia. Ana masikio mawili, nimeyahesabu.

Bibi alikula, akafika kichwani. Nyumba ile kichwa cha kitoweo kilikuwa cha mkubwa, jambo nililolisahau. Alikisafisha mpaka fuvu likawa jeupe, akalipapasa kama anayechambua maharage.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Juu, bibi. Karibu na kwenu."

"Kwetu gani, na taya nene hivi? Huyu amekulia vichakani, anatafuna vijiti. Wa kwetu hula majani laini, taya lake jembamba. Na hapa kwenye sikio, wa kwetu ana kifupa kilichotuna kama punje ya hindi. Kule ni wazi, hana pa kujificha, lazima amsikie mbwa angali mbali." Akaniwekea fuvu kiganjani. "Maskini, umempa kwao kusiko kwao."

Hakunikaripia. Alisema tu, "Nilidhani leo nitafika nyumbani."

Neno hilo lilinipandisha mlima alfajiri. Njia ya mwongo ni fupi, ila ukiirudia ina kona zote. Nilikaa juu siku tatu, upepo wa baridi ukilaza majani, nikarudi na sungura wa kweli. Safari hii bibi alipapasa taya kabla ya kuonja.

"Ndiye," akasema. Akala huku analia, nami nikapata mke.

Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sungura naye hulelewa na anachotafuna, mpaka ndani ya mfupa.

Bibi hayupo tena. Mzee wa Muze sasa ni mimi, magoti yameukataa mlima, na hamu ile ya juu imenihamia. Nasikia kule kwenye majani nilikotega kumelimwa mahindi.

Yule sungura uliyeniletea jana, mwanangu, ukaapa ametoka juu, alikuwa mtamu. Asante. Fuvu lake ninalo hapa. Nimelipapasa mara mbili. Taya nene. Sikukasirika, naijua kona ya kwanza inavyotisha.

Lakini shika hili. Ukitaka kumjua kiumbe, uliza kwanza alitafuna nini na alimkimbia nani. Na mtu akikuagiza kitu cha kwao, bei omba upunguziwe, safari iahirishe, ila hamu yake usimpunje. Afadhali useme mlima umekushinda, tucheke wote.

Mungu akupe miguu imara na masikio ya sungura wa juu, akulinde kwenye kila kona, ya kupanda na ya kushuka. Unga wa ulezi ninao tayari.