Nyanchoka Akataa Kujiondoa

Mwakilishi wa wadi alipofariki na kiti kikatangazwa kuwa wazi, wanawake wa soko la Nyamarambe walimfuata Nyanchoka penye ndizi zake, wakamwambia achukue fomu. Hawakubahatisha. Mjane huyo wa miaka arobaini na saba ndiye aliyezunguka ofisi za Kisii miaka sita, akifukuzwa na kurudi, mpaka zahanati yao ikaletewa muuguzi.

Alijiandikisha kuwa mgombea huru. Wiki hiyohiyo shemeji yake Cleophas, mdogo wa marehemu mumewe Mose, naye akachukua fomu.

Wazee wa ukoo hawakutaka kura zao zigawanyike. Jumapili wakaita kikao nyumbani kwa mzee Onyiego. Nyanchoka alikalishwa karibu na mlango.

"Mama Eric, hatuna ubaya na wewe," mzee Onyiego alisema. "Lakini wewe umeolewa hapa kutoka Nyaramba, na kiti hiki ni cha ukoo. Kesho ukiolewa kwingine, utakwenda nacho?"

"Mzee, nimekaa hapa miaka ishirini na mitano. Kaburi la Mose liko mlangoni pangu. Nitaolewa na nani?"

"Basi kagombee kwenu."

"Kwetu wananiambia mimi ni mtu wa huku."

Watu wakacheka. Cleophas hakucheka, aliinamia funguo zake za gari kama anayemwonea mwenziwe haya. Mikono ikainuliwa, akateuliwa yeye. Nyanchoka akaambiwa atangaze palepale kwamba amejiondoa. Alisimama, akawashukuru kwa chai, akasema jina lake litabaki kwenye karatasi ya kura.

Tangu hapo watu walianza kumkwepa. Wanawake waliomsukuma agombee walikatazwa na waume zao. Wengine hawakuhitaji kukatazwa, kwa kuwa Cleophas aligawa leso. Waliobaki walikuwa wachache, pamoja na Eric, mwanawe wa pekee, aliyekuwa amemaliza chuo na kukaa nyumbani miaka miwili bila kazi. Eric ndiye aliyebandika mabango ya mama yake.

Kisha jioni moja akaingia na kofia yenye picha ya Cleophas.

"Baba mdogo amenifanya ajenti wake wa kulinda kura kituoni," alisema. "Akishinda, ameniahidi kazi kaunti."

"Na nikishinda mimi?"

"Mama, wewe huwezi kushinda. Kila mtu anajua isipokuwa wewe."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomkata mama yake maini.

Siku ya uchaguzi Nyanchoka alipanga foleni shuleni kama wengine. Ndani ya darasa alimkuta Eric kwenye benchi la maajenti, beji ya Cleophas kifuani. Karani alipolisoma jina la Nyanchoka kwa sauti, maajenti wote waliinua macho kumtazama. Eric aliinamisha yake.

Cleophas alishinda. Kura za Nyanchoka hazikufikia hata idadi ya wanawake waliomsindikiza kwa nyimbo akapeleke fomu. Wengi wao walikuja kumpa pole, wakaketi kwa unyonge kama watu wa matanga, wengine wamejifunga leso zilezile. Aliwapikia chai. Hakumuuliza yeyote alimpigia nani.

Cleophas aliapishwa. Eric akapiga simu, haikupokelewa. Akaenda ofisini mara tatu, akaambiwa mheshimiwa yuko mkutanoni. Mara ya nne akamkuta mjukuu wa mzee Onyiego ameketi kwenye meza aliyoahidiwa yeye.

Asubuhi iliyofuata alimfuata mama yake kwenye shamba lao la chai, akasimama ukingoni.

"Mama, nikusaidie?"

"Safu za juu hazijachumwa."

Wakachuma mpaka jua likawa kali, kila mtu kwenye safu yake. Mwishowe Eric akasogea.

"Mama, siku ile pale kituoni..."

"Chuma majani mawili na chipukizi," Nyanchoka alimkatiza bila kugeuka. "Hayo makubwa kiwandani watayakataa."