Ndege Yangu Imeota Manyoya

Kwetu Meru, ukisema unajenga ndege, jirani anakuuliza ataanza kutaga lini. Nimeshazoea. Yangu ni ya viti viwili, naijenga kwenye gereji nyuma ya nyumba, na hapo kando mke wangu anafuga kuku wa mayai. Kwa hivyo anayetaka kutucheka hapati shida.

Kazi ya faiba nilijifunzia huko chini ya Embu, upande wa joto. Huko unapaka resini, ile gundi ya majimaji, kwenye kitambaa cha faiba, unaenda kunywa chai, ukirudi kimeshakuwa kigumu kama bati. Nikaja na mazoea yaleyale nyumbani, mwezi wa Julai, ukungu umekaa hadi saa sita mchana. Sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Kilichobaki kilikuwa ncha ya bawa la kushoto, na kitambaa nilichokuwa nacho kilikuwa cha mwisho. Kikiharibika, hakuna kuruka mwaka huu. Nilikilaza kwenye kalibu Jumamosi, tabaka juu ya tabaka, nikiyatoa mapovu kwa brashi. Jumapili tulipotoka kanisani nikaenda kugusa. Kidole kikanata. Nilikasirika hata chakula nikakataa, maana dawa ya kugandisha huchanganywa na resini mwanzoni, haiongezwi baadaye.

Mke wangu alisimama mlangoni akaniangalia kwanza.

"Mzee, hiyo kitu inasikia baridi," akasema. "Hata vifaranga siwezi kuwalaza hapa."

Vifaranga wake walikuwa na kibanda chenye taa za joto. Akawahamishia wote jikoni ndani ya katoni, akafagia kibanda, kisha akaniambia nimlete huyo mtoto wangu. Nikabeba kalibu polepole, nikailaza chini ya taa, nikafunga mlango. Kelele za jikoni zilikuwa za soko, na yeye hakulalamika hata kidogo. Nilimpenda sana siku hiyo, wacha niseme tu.

Jumatatu nilipotoka kazini nilienda moja kwa moja kibandani, hata koti sikuvua. Nikagonga bawa kwa shilingi. Mahali penye hewa ndani hulia kama debe tupu. Hili lilijibu ko, ko, ko, sauti moja kila mahali. Nikalibandua, na hata ukingo haukumeguka. Nilipoligeuza, nikaona upande wa ndani unyoya mdogo wa kahawia umegandia juu ya resini. Haukudhuru chochote, lakini mimi sipendi uchafu. Nikachukua msasa.

"Unafanya nini?" mke wangu akauliza.

"Natoa huu unyoya."

Akanishika mkono. "Wacha hapo. Wewe umewahi kuona ndege bila manyoya?"

Nikaurudisha msasa mfukoni.

Juzi jirani aliniuliza tena, pale langoni, kama ndege yangu ametaga. Nikamwambia bado, lakini ameanza kuota manyoya.