Kaka Asiyeweza Kujibu

Kwa miaka tisa Alistidia, mshauri nasaha wa Kahororo, alisaidia familia zilizogombana kuzungumza tena. Yeye mwenyewe hakuwa akiongea na kaka yake Rwekaza, aliyeishi Muleba, tangu wagombanie kibanja cha migomba alichoacha baba yao.

Siku moja mzee Mutalemwa alimweleza kwamba anataka kupatana na mwanawe, ila hajui aanzie wapi.

"Anza na salamu tu, mzee," Alistidia alimjibu. "Usingoje hasira iishe yote."

Mzee alipoondoka, Alistidia aliona aibu. Akampigia kaka yake. Simu ikapokelewa na mke wa Rwekaza, Violeth.

"Wifi, wiki ya pili sasa tangu apooze. Hawezi kusema. Tuliogopa kukuambia."

Kesho yake alifika Muleba. Rwekaza alimtambua, akamshika mkono, machozi yakamtoka. Alistidia akaomba msamaha, lakini jibu hakulipata. Akawa anakwenda kila Jumamosi kumlisha uji na kumsimulia habari za utotoni mwao, hadi Rwekaza alipofariki, msimu wa kuvuna kahawa.

Alistidia bado anashauri watu. Alichotaka kusema kaka yake, hakijui mpaka leo.