Ubao wa Mwakani

Mume wangu Gerishon hajawahi kununua kitu kinachomtosha mtu siku ile ile. Suti yake ya harusi ilishonwa Kisii kwa vipimo vya mwanamume ambaye angekuja kunenepa baadaye. Mchungaji alipotuambia tushikane mikono, ilibidi kwanza nimtafutie wake ndani ya koti. Huyo mwanamume mnene hajafika hadi leo. Nimeishi na mwembamba wake miaka yote hii, hapa Weston, katika nyumba ya ghorofa inayotazama mto Humber.

Naelewa ilikotoka tabia hiyo. Kwao walikuwa watoto wengi, na sare ya shule ilitakiwa imtumikie mtoto mpaka ndevu zianze kuota, ndipo imshukie mdogo wake. Lakini Gerishon aliivusha bahari. Hapa Toronto anavuta matrela ya mizigo uwanja wa ndege, anapata mshahara wake vizuri tu, na bado kila kitu dukani anakipima kwa neno moja: mwakani.

Aliyeumia ni binti yetu, Kemunto. Katika picha ya darasa lake la kwanza linaonekana koti la buluu lenye macho mawili. "Mwakani litakutosha," baba yake alimwambia. Viatu vyake vya theluji tulivijaza magazeti. Asubuhi moja kiatu kimoja kilinasa kwenye theluji mbele ya lango la shule, mtoto akaendelea bila hicho kiatu, akaingia darasani na soksi. Hakulia. Ila tangu siku hiyo kila alichokitaka aliniomba mimi, hata baba yake awe amekaa kiti cha pili. Gerishon alijifanya haoni. Aliona sana, na ilimuuma.

Sasa Kemunto ni mtu mzima, ananyoosha viungo vya wagonjwa hospitalini. Mwezi wa kwanza alitupasha habari kwamba amepata kazi British Columbia, upande wa pili wa Kanada, kule kwenye milima, na mwezi wa tatu angehama. Huyu mtoto anaelewa Kiswahili chote, hata kile tunachomsengenyea, lakini hujibu kwa Kiingereza. Maneno yake hapa nayaandika mimi kwa lugha yangu. Alimgeukia baba yake, akamwambia: "Baba, kabla sijaenda, njoo tuteleze pamoja kwenye theluji. Mara moja tu. Tafuta ubao wa kutelezea."

Kijiko cha Gerishon kilisimama hewani. Alikuwa ameombwa kitu.

Kemunto alimweleza polepole. Atafute ubao mfupi na mpana. Mfupi hugeuka upesi, na upana ndio unaombeba mtu juu ya theluji laini, ile ya unga. Tena miguu ya Gerishon ni mikubwa. Mtu husimama juu yake kiubavu, na kwenye ubao mwembamba vidole vingechungulia nje na kuburura chini. "Mfupi na mpana," alirudia. Gerishon akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, nami nikaamini, mjinga mimi.

Dukani alikwenda na Félicien, Mkongomani wa ghorofa ya chini, ambaye ujuzi wake wote wa michezo ya theluji ni kwamba aliwahi kuanguka kituoni akisubiri basi. Nilifuatana nao ili nione. Mwuzaji, dada mpole mwenye kipini puani, alileta ubao mfupi mpana, akausimamisha mbele ya Gerishon. Ulimfika kidevuni.

"Huu ni wa mtoto," Gerishon alisema.

"Ni wa theluji ya unga," dada alisema.

"Na mwakani?"

Dada alimtazama, akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Hapo Gerishon akaomba mbao zote zilazwe sakafuni, akavua kofia, akalala chali kando ya kila mmoja, mikono imebana ubavuni, ili Félicien aone upi unamzidi. Wateja walipita kwa kunyata. Mama mmoja alimvuta mbwa wake nyuma. Félicien alikuwa amevua kofia pia, ameiweka kifuani, anazunguka miguuni kwa Gerishon na uso wa msiba.

"Huu iko muzuri, Papa Kemunto," alisema mwishowe, mbele ya ubao mrefu mwembamba ambao ulimpita mume wangu kwa kiganja kizima. "Hapa hata ukiongezeka, utaenea."

"Baba Kemunto," nilisema, "una miaka karibu sitini. Unatarajia kurefuka?"

"Mimi sitakua, Mama Kemunto. Ujuzi ndio utakua. Ukikua, utanikuta na ubao tayari."

Akaununua. Siku nzima sikumsemesha. Ubao ulikaa sebuleni, umeegemea ukuta, na kila aliyekuja kutoka kanisani aliusifu urefu wake. Mzee mmoja aliuombea.

Jumamosi moja mwezi wa pili theluji ilianza kumwagika, na Kemunto akaja kulala kwetu ili asubuhi waende kilima cha kuteleza. Alipovuka mlango aliuona ubao. Ningependa kuwaambia kwamba alifoka, maana ningejua la kusema. Aliutazama tu vile alivyokuwa akilitazama lile koti la buluu.

"Huu ni wa nani?" aliuliza.

"Wangu," Gerishon alisema. "Kwa sasa ni mkubwa kidogo, lakini mwakani..."

"Mwakani sitakuwa hapa, Baba."

Akaenda kulala katika chumba chake cha zamani. Gerishon alibaki amesimama karibu na ubao wake, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi ulivyokuwa mrefu kwake. Hasira zangu zote ziliniishia. Nilimwonea huruma.

Asubuhi niliamshwa na kelele za chuma. Nilimkuta balkoni, theluji imemfika magotini, amevaa nguo za kulalia na kofia ya kazini, anaukata ubao kwa msumeno wa chuma. Jasho linamtoka. Mtu huyu katika maisha yake yote hajawahi kupunguza kitu. Suruali zetu zote zina pindo la kutosha kushona suruali nyingine. Kemunto alitoka na blanketi mabegani wakati ule ule mkia wa ubao ulipokatika na kuzama thelujini.

"Nimekupunguzia," Gerishon alisema, akitweta. "Sasa ni mfupi. Upana ndio sijui nitaupata wapi."

Kemunto aliketi juu ya kikapu cha nguo chafu. Alicheka mpaka akashika mbavu, na machozi aliyofuta mwishoni sidhani kama yote yalikuwa ya kicheko. Kisha akashuka kwenye gari lake, akarudi na mfuko. Ndani mlikuwa na ubao mfupi, mpana, na mikanda ya miguu imekwisha kufungwa kwa nafasi ya hatua za baba yake.

"Ulikuwa nao siku zote?" nilimuuliza.

"Nilijua atanunua mkubwa," alisema. "Nilitumaini tu kwamba hatanunua."

Kilima cha kuteleza kikawa kimefungwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba kulikuwa na theluji nyingi mno, na mimi nimeishi hapa muda mrefu kiasi cha kutoshangaa. Basi tukateremka kwenye mteremko nyuma ya nyumba yetu, ule unaoelekea mtoni. Félicien alikuja na birika la chai na kamba, eti kama tahadhari. Kemunto alimfunga baba yake mikanda kwa mikono yake, akamsimamisha, akamwambia aegemee mguu wa nyuma. Halafu akamsukuma.

Gerishon alikwenda. Naapa alikwenda. Pua ya ubao iliinuka juu ya unga ule, mikono yake ikapanuka, na mume wangu akaelea hadi karibu na kichaka, anapiga yowe la kwao Kisii ambalo sijalisikia tangu harusi. Kichakani alizama mpaka kiunoni. Kemunto alimkimbilia, akamfuta theluji usoni. Nikamsikia akisema, kwa Kiswahili, kwa matamshi yake ya kujikwaa, "Imekukaa, Baba."

Gerishon alisema ameingiwa na theluji machoni. Tulimwacha aseme.

Mwezi wa tatu Kemunto aliondoka, na safari yake ya ndege ikaangukia zamu ya baba yake. Gerishon alikuwa anapakia matrela alipouona mfuko wa binti yake, na ndani yake alipapasa mbao mbili. Alinipigia simu akiwa amesimama kwenye baridi.

"Amebeba na wangu, ule mpana," alisema.

"Sasa si itabidi uufuate?" nilisema.

Nilisikia ndege zikinguruma. Jioni aliporudi aliniambia anataka koti la safari, tukaenda dukani. Mkono wake wa kwanza ulienda kwenye kubwa, kama kawaida. Alilivaa, akajitazama kiooni, akalivua. Akachukua dogo lake. Mikono ya koti iliishia kwenye vifundo vya mikono yake, na mabega yalikaa juu ya mabega yake mwenyewe. Nilimzunguka nikimtazama, maana sikuwahi kumwona vizuri hivyo. Kumbe ni mtu mdogo.

"Hutaacha nafasi kidogo?" nilimtania.

"Nafasi ya nini tena, Mama Kemunto?" alisema, akafunga zipu hadi shingoni. "Mwulize lini yuko likizo."