Zipu Kwenye Gauni la Miaka Mia Tano

Wifi yangu alipokuja kuishi nasi Brooklyn Center, Marekani, aliingia kwenye chumba changu cha kushonea kabla hajavua koti. Alikishika kipande cha sufu nilichokuwa nimekikata, akakigeuza, akakiacha kianguke mezani.

"Nani alikufundisha kukata?"

"Nimejifundisha mwenyewe, wifi."

"Inaonekana," akasema, kisha akaenda kuulizia chai.

Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, na kule Morogoro alikuwa na duka la kushona lililojulikana mji mzima. Mimi nilikuwa nikihudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia huko Champlin, na nilishona kwa sababu nilipenda. Yeye aliniona najifanya fundi. Mimi nilimwona mgeni asiyejua kwamba ni mgeni.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, nesi mmoja Mmarekani niliyefanya naye kazi aliniomba nimshonee gauni. Kiangazi kikielekea ukingoni, nje ya mji hufanyika tamasha ambalo watu hujivika kama watu wa Ulaya ya zamani, wafalme, wake zao, hata ombaomba wao. Yeye alitaka kuwa mwanamke wa Kiitalia wa miaka mia tano iliyopita. "Lakini liwe la kweli," alisema, "nimechoka na nguo za maonyesho."

Neno lile liliniingia. Siku zangu za mapumziko nikawa napanda basi hadi jumba la makumbusho la Minneapolis, nasimama mbele ya picha za kuchorwa za wanawake wa enzi hizo. Siku moja nilisogeza uso karibu mno, mlinzi akanifokea. Lakini nilikuwa nimeshaona. Mikono ya gauni haikushonewa begani. Ilifungwa kwa kamba, na shimizi nyeupe ya ndani ikavutwa ichungulie kwenye nafasi zilizobaki. Kifua nacho kilikazwa kwa kamba ubavuni. Kila kamba ilihitaji tundu, na nilisoma kwamba matundu hayo yalitobolewa kwa msharasi kama ule wa mafundi viatu, unaosukuma nyuzi kando bila kuzikata, kisha ukingo ukazungushiwa uzi kwa mkono. Nikaanza kutoboa. Vidole vilivimba, nikaendelea.

Wifi alikuwa akisimama mlangoni na kikombe chake.

"Mikono ya gauni iko wapi?"

"Inafungwa, wifi. Ndivyo walivyovaa."

"Walivaa hivyo kwa sababu hawakuwa na cherehani. Wewe unayo, umeifunika kitambaa kama maiti."

Nilimlalamikia mume wangu. Alisema nimwache tu, ndivyo alivyozaliwa. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa kaka.

Siku moja kabla ya mteja kuja kujaribu nguo, nilikuwa nimebakiza ubavu mmoja. Nikarudi kutoka kazini, nikalikuta gauni limetundikwa nyuma ya mlango, limekwisha. Mikono imeshonewa begani kwa mashine. Ubavu umezibwa. Mgongo umepasuliwa katikati, na zipu ndefu nyeusi imeshuka hadi kiunoni. Vipande vyenye matundu yangu vilikuwa kwenye ndoo ya takataka, vimekatwa vizuri, kwa mkasi wa fundi.

"Nimekumalizia," alisema wifi. "Nilikuonea huruma."

"Nani alikuomba?"

"Mteja anakuja kesho, wewe unatoboa nguo kama panya."

"Ilikuwa kazi yangu!"

"Kazi? Nimewashonea maharusi wa Morogoro mpaka macho yakaniuma. Usiniambie mimi habari za kazi."

"Basi rudi ukawashonee."

Mume wangu alitokea jikoni, akasema, "Jamani, jamani." Sote wawili tukamwambia anyamaze. Mwaka ule sikumbuki jambo jingine tulilokubaliana.

Hapakuwa na kufumua. Sufu ilikuwa imeshakatwa.

Nesi alipofika nilianza kumweleza yaliyotokea, lakini alikuwa ameshaingia ndani ya gauni. Wifi akapandisha zipu kwa mvuto mmoja. Nesi akajitazama kwenye kioo, akapiga kelele ya furaha. Mwaka uliotangulia, alisema, nguo yake ilikuwa ya kamba tupu, nusura ajikojolee akiwa kwenye foleni ya choo.

"Lakini zipu hazikuwepo wakati ule," nilimwambia. "Hili si la kweli tena."

"Nani ataona?"

Akauliza hilo lilikuwa wazo la nani. Wifi hakujua Kiingereza kingi, lakini swali hilo alilielewa. Alijigusa kifuani. Nesi akamkumbatia, na wifi akanitazama juu ya bega lake, akatabasamu.

Marafiki wa nesi wakaja na vitambaa vyao. Wote walimtaka wifi awashonee. Alikalia kiti changu, akatumia cherehani yangu, nami nikahamia chumba cha chini ya nyumba na sindano. Tukawa tunasemeshana kwa kupitia mume wangu, hata tukiwa meza moja. Kabla ya baridi kukolea alipata nyumba ya kupanga Inver Grove Heights, akaondoka na wateja wake.

"Umenikaribisha vizuri, wifi," alisema mlangoni.

"Karibu tena," nikamjibu kwa sauti ileile.

Nilijishonea gauni jingine, langu, lote kwa mkono. Mwaka uliofuata nililivaa kwenye tamasha. Mume wangu alinifunga mikono ya gauni kwenye maegesho ya magari, akilaani kila kamba. Ndani, mwanamume mmoja mwenye kofia ya manyoya aliniuliza mimi ni mjakazi wa nani. Nilimwambia mimi ndiye mwenye nyumba, na amesimama njiani. Akapisha.

Jioni ile wifi alimpigia mume wangu simu. Nilimsikia akicheka upande wa pili.

"Anauliza kama umezimia kwa joto," mume wangu alisema.

"Mwambie sikuzimia."

Akamwambia. Wifi akasema jambo jingine, refu. Mume wangu hakunifikishia hilo, nami sikumuuliza.