Safu ya Kulia

Shemeji yangu, mke wa marehemu kaka, ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Bi Futi, maana futi kamba haimtoki shingoni, na mdomo wake hauna breki. Mimi nashona viatu chumba cha pili. Kati yetu ni ukuta wa mbao tu, kwa hiyo wateja wakigombezwa, nami nagombezwa bure. Lakini tangu kaka azikwe, miezi minane sasa, hamtaji mumewe wala hajakanyaga makaburini. Watu wakasema ana roho ngumu. Iliniuma.

Juzi akanirushia koti la kaka. "Chukua, shemeji. Na barua aliyomwandikia hawara yake imo mfukoni."

Hawara! Kaka yangu, aliyeona haya hata kuomba chumvi? Nikaitoa karatasi. Lo, kumbe shairi, limeandikwa kwa safu mbili zilizoachana.

"Kushoto kanisema mimi," akasema, mikono kiunoni. "Hasira zako najua, kelele nazitambua, mwingine ningechagua. Kulia kamsifu huyo mwenzangu. Nimeisoma mpaka nimeikariri!"

Nikalitazama daftari lake la vipimo. Kila ukurasa mteja mmoja kushoto, mwingine kulia. Unashuka na huyu mpaka chini ndipo uhamie kwa yule. Miaka ishirini hajasoma kitu kingine. Maskini, na barua ya mumewe akaisoma vivyo hivyo.

"Shemeji, shairi halishuki hivyo. Unavuka kwanza kwenda kulia, ndipo urudi mstari wa chini. Sikiliza."

Hasira zako najua, moyoni huna mafundo,
Kelele nazitambua, ni kelele za upendo,
Mwingine ningechagua, ningekosa wako mwendo.

Akaninyang'anya karatasi. Akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, midomo ikicheza, akavuka. Akashuka, akavuka tena. Mstari wa tatu ukamshinda, akakaa sakafuni juu ya vitambaa.

"Mwanamume huyu!" akafoka. "Mdomo si alikuwa nao? Mbona hakuniambia?" Kisha akalia, akalia hasa, hata mteja aliyekuwa mlangoni akaondoka kimyakimya. Na mimi nililia, sioni aibu kusema.

Baadaye akajifuta uso kwa kipande cha bitana, akafunika cherehani saa nane mchana, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Twende, shemeji," akasema. "Unionyeshe. Sijui hata mlimlaza wapi."